Kuku Niliyemkataa Kwihara

Hadithi hii inanionyesha mjinga. Nasema mapema, vijana, ili mkifika katikati msijidai mmegundua wenyewe. Mjinga nilikuwa, tena mjinga mwenye baiskeli ya serikali, na huyo ndiye mbaya zaidi kwa sababu anafika haraka.

Mimi ni Kondo, Mzaramo wa Kanyenye, hapa hapa Tabora. Huko Uzaramo sijawahi kuishi. Babu yangu ndiye aliyetoka huko, mpishi wa msafara wa tajiri mmoja, akafika hapa mguu umevimba kama mhogo, akasema ngoja nipumzike kidogo. Mpaka leo tunapumzika.

Nilisoma hadi darasa la nne nikaandikwa utarishi, enzi za Mwingereza, katika ofisi ya wanaoingia shule. Shule zetu zilikuwa tatu: sekondari ya serikali, sekondari ya mapadri, na chuo cha ualimu. Kila aliyemaliza darasa la nane alizitaka zote tatu, na nafasi zilikuwa chache kama meno ya bibi yangu. Kila shule ilichagua wake, halafu ikaandika majina ya akiba, yaani wale wanaongoja mwenzao apungue ndipo waitwe. Waliochaguliwa walitangaziwa kwa heshima, mwalimu anasimama, watu wanapiga makofi. Wa akiba walitangaziwa na mimi, nimeegemea baiskeli, jasho linanitoka.

Ninyi mnaokaa na simu mezani mnaona hiyo kazi ndogo. Haya, nisikilizeni.

Karani mkuu wangu alikuwa Bwana Yakobo, Mnyamwezi wa misheni, mwembamba, soksi zimepanda hadi magotini hata jua likiwaka vipi. Siku ya kwanza aliniita mezani akaniambia, "Kondo, haya majina si majina. Ni msafara. Wa mbele akitua mzigo, wote wa nyuma wanasogea."

Sikumwelewa. Nikamwelewa shule zilipofunguliwa. Kijana mmoja wa mapadri alipata nafasi ya serikali, akahama. Mapadri wakamwita wa akiba wao, kumbe yule naye alishakwenda chuo cha ualimu, naye akahama. Chuo nacho kikataka wake wa akiba. Mtoto mmoja kabadilisha kitanda, mimi nimeendesha baiskeli wiki nzima mpaka nikawa nakaa upande upande.

Na kosa langu la kwanza nililifanya mwaka ule ule. Nilikuwa nikifika kwa mzazi nauliza, "Mtoto atakuja?" Ananijibu, "Atakuja." Nikirudi ofisini naweka alama, kazi imekwisha. Sasa Mnyamwezi hamwambii mgeni hapana mlangoni. Atakuambia ndiyo, akupe na karanga za kutafuna njiani. Mzazi huyo huyo alishasema ndiyo kwa mapadri na ndiyo kwa chuo. Shule ya serikali ikafunguliwa, vitanda vingine vinatazama dari. Mzungu mkuu wa shule akapita bwenini mikono nyuma, akaniuliza wako wapi vijana wake. Nikamwambia, "Wako njiani, bwana." Na ilikuwa kweli, ila njia yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa mapadri.

Bwana Yakobo hakunigombeza. Alinichukua hadi bwenini akanionyesha kitanda chenye blanketi na kitanda kisicho na blanketi.

"Unaona nini?"

"Blanketi, bwana."

"Basi kuanzia leo usihesabu midomo. Hesabu mablanketi. Mzazi anaweza kuwa na ndiyo tatu. Blanketi analo moja."

Wakati ule kila kijana alikuja na blanketi lake kutoka nyumbani, na nyumba nyingi hazikuwa nalo la pili. Likishatandikwa kwa mapadri, haliwezi kutandikwa kwa serikali. Tukaweka sheria: siku iliyopangwa, kengele ya saa sita ya mchana ikigonga na blanketi halipo kitandani, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Mmejifunza mambo mengi shuleni, lakini nani amewafundisha hilo?

La pili nililojifunza: usimwambie mtu yuko nafasi ya ngapi. Mwambie "yuko karibu" ukomee hapo. Mama mmoja wa Kanyenye nilimwambia mwanawe ni wa pili. Alichofanya ni kumtafuta yule wa kwanza ni nani, akaenda kwao na kapu la mchele, akakaa na wazee wake siku nzima anamsifia binti wa dada yake, mzuri, anapika, yuko tayari kuolewa hata kesho. Alitaka yule kijana aoe aache shule! Na nusura aoe.

La tatu: usitoe habari ukiwa bado umeshika baiskeli. Mtu wa kaki akiingia kijijini mbio, kila mtu anakumbuka kodi. Wengine wanaingia ndani, wengine wanatokea mlango wa nyuma. Kaa kwanza. Pokea maji. Uliza mvua, uliza karanga, uliza ng'ombe. Wakikuletea matobolwa, vile viazi vya kukausha, tafuna mpaka taya ziume. Ndipo useme, kama umekumbuka tu njiani, "Halafu kuna jambo la kijana wenu." Habari njema ikiingia polepole inakaa.

Haya, sasa tuje kwenye ujinga wangu.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Siyo utani wenu huu wa mpira, wa kununiana Jumatatu. Wetu umetoka kwenye misafara, babu zetu wamelala porini pamoja, wamezikana njiani pamoja. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Anaweza kuingia uani kwako akachukua kuku akaondoka naye, na hakuna baraza la kumshtaki. Na utani una mlango wake wa kutokea: ukichoka kutaniwa, unampa mtani kuku, yeye anapokea, anakwenda zake, yamekwisha.

Mtani wangu mkubwa alikuwa Mzee Mihambo wa Kwihara, mkulima wa karanga, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na kicheko cha kufukuza ndege shambani. Sikupita Kwihara nikarudi bila kuku wake. Kaka yake alipofariki, mimi ndiye niliyeshuka kaburini kabla ya maiti, nikalala, nikafumba macho, nikaapa kwamba nimekufa mimi, sitoki mpaka nipewe kuku. Nikalia na machozi juu, machozi mengi, kwa marehemu niliyemjua kwa sura tu. Wafiwa walicheka mpaka wakashikana. Ndiyo kazi ya mtani msibani.

Mzee Mihambo alikuwa na kijana, Andrea, mpole, mwenye macho ya kusikiliza. Andrea alikuwa wa akiba sekondari ya serikali, na pia wa akiba chuo cha ualimu. Na mimi, kwa akili zangu, siku moja ya soko nilisimama katikati ya watu nikapaza sauti: "Mzee Mihambo, hongera! Mbuzi wako kachaguliwa sekondari! Andrea anaombwa abaki nyumbani achunge!"

Soko lilicheka. Mzee mwenyewe alicheka kuliko wote. Andrea hakucheka. Mama yake, Mama Kalunde, naye hakucheka, ila mimi nilikuwa nimeshapanda baiskeli.

Siku chache baadaye, asubuhi, Bwana Yakobo akaniita. Kijana mmoja wa sekondari ya serikali alikuwa amekunja blanketi lake jana yake jioni, kaenda kwa mapadri. Kitanda kipo.

"Wa kwanza wa akiba ni Andrea wa Kwihara," akasema. "Leo ndiyo siku ya mwisho. Kengele ya saa sita ikigonga, blanketi halipo, namwita anayefuata."

Aliyefuata hakuwa na haja ya kuitwa. Alikuwa barazani. Baba yake, Fundi Maulidi, mshona nguo jirani yangu Kanyenye, alisikia habari za kitanda hata kabla yangu, akaja na kijana wake na blanketi jipya. Nilipokuwa naitoa baiskeli akaniambia taratibu, "Kondo, jirani yangu, usizikanyage sana hizo pedali."

Nilizikanyaga. Nikafika Kwihara ulimi nje. Pale uani nikakuta mgeni anafunga mizigo. Alikuwa Mzee Shija, kaka yake Mama Kalunde, mfugaji wa Choma. Andrea kasimama kando yake, ameshika fimbo. Walikuwa wanaondoka asubuhi ile ile. Andrea anakwenda Choma kuchunga ng'ombe wa mjomba, maana shule ilionekana imeshindikana, na huko Choma angekaa mpaka aoe. Ningechelewa kidogo tu ningekuta vumbi lao.

Basi yote niliyowaambia, kukaa, kunywa maji, kuuliza karanga, sikufanya hata moja. Niliitupa baiskeli chini nikapiga kelele, "Andrea kapata! Kapata sekondari! Twendeni!"

Mzee Mihambo akashika kiuno. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Nani kapata? Andrea au mbuzi?"

Uani kote kicheko.

"Mzee, leo sitanii. Kitanda kipo, kengele ya saa sita."

"Shemeji," akamwambia Mzee Shija, "huyu ndiye yule Mzaramo niliyekusimulia. Mtazame vizuri, Choma hamna."

Nikatoa karatasi yenye mhuri. Akaishika kwa vidole viwili kama ameokota panya. "Mtu anashinda na mihuri kutwa, atashindwa kujigongea mmoja?"

"Wallahi, Mzee Mihambo!"

"Wallahi ya Mzaramo! Si wewe uliyetuapia kaburini kwamba umekufa?"

Vijana, hapo nikaona kisima nilichokichimba mwenyewe. Kila nilivyokaza uso, wao walicheka zaidi. Nikimwangalia Mzee Shija anakaza kamba. Nikiangalia jua linapanda. Machozi yakanitoka, ya kweli haya, na Mzee Mihambo akanionyesha kidole huku anajifuta ya kwake: "Yatazameni! Ni yale yale ya msibani! Huyu mtu ana bomba!"

Halafu akainuka, akaiokota baiskeli yangu. "Kuku wangu umekula wangapi? Leo zamu yangu." Akaiingiza ndani ya nyumba, akafunga mlango, akakaa mlangoni. Haki yake. Ni mtani.

Andrea akanisogelea. Akasema kwa sauti ndogo, "Bwana Kondo, shikamoo. Ni kweli?"

"Marahaba. Kweli, mwanangu."

"Na ile ya sokoni ilikuwa kweli?"

Nikavua kofia, nikaigeuza geuza mkononi.

Mzee Shija akatwika mzigo. "Andrea, tuondoke. Jua halitungoji."

Ndipo Mama Kalunde akatoka jikoni. Yeye peke yake hakuwa amecheka asubuhi yote. Mkononi alikuwa na kuku mwekundu, mnene, yule ambaye nilikuwa nikimtazama kila nikipita na yeye akimficha. Akaja mpaka mbele yangu akanyoosha mkono.

"Mtani, chukua kuku wako uende. Sina lingine ninalokuomba. Usimchezee mwanangu leo. Leo anaondoka."

Nawaambia ukweli, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda wenyewe. Ulikuwa mkono wa mazoea. Nikaurudisha.

"Mama, sitaki kuku. Nataka Andrea na blanketi."

Kicheko cha Mzee Mihambo kilikatika kama kamba.

"Umesemaje?"

"Nimesema sitaki kuku."

Akasimama pale mlangoni. Akamtazama mkewe, akamtazama kuku, akanitazama mimi. Kisha akamgeukia Mzee Shija, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Shemeji, umesikia? Mzaramo kakataa kuku."

Mzee Shija akatua mzigo chini. "Basi kuna jambo."

Hapo ndipo uani ulipolipuka. Mzee Mihambo anavuta baiskeli, imekwama mlangoni, anaitukana baiskeli. Mzee Shija anamfuta Andrea vumbi usoni kwa kanga ya mtu. Mimi napiga kelele, "Blanketi! Blanketi!" na kila mtu anaitikia "Blanketi!" na hakuna anayekwenda kulileta. Mama Kalunde alimwachia kuku, akaingia ndani, na kabla sijaita mara nyingine alikuwa ametoka na furushi limefungwa kwa kamba, limekazwa vizuri, juu limeingia vumbi la darini.

Mzee Mihambo akashangaa. "Umelifunga saa ngapi?"

"Nililifunga siku aliyorudi kutoka kwenye mtihani," akasema. "Sikulifungua."

Sikuwa na dakika ya kulia tena, ingawa yalikuwepo. Andrea akapanda nyuma kwenye keria, furushi kichwani, nami nikashika usukani. Mzee Mihambo alitukimbilia nyuma mpaka mwisho wa mashamba, rozari inaruka shingoni, anapiga kelele, "Kanyaga, Mzaramo mcheza ngoma! Kanyaga! Babu yako alishindwa kutembea, wewe usishindwe kukaa!" Kila tusi lilinisukuma kama upepo. Kwenye mchanga tulishuka tukasukuma, tukapanda tena. Njia nzima nilikuwa nikimsikia Andrea anapumua kama yeye ndiye anayekanyaga.

Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, na saa ya kuigonga ilikuwa mfukoni mwa Bwana Yakobo. Tulipokata kona nikamwona ameshashika chuma cha kugongea. Fundi Maulidi na kijana wake wamesimama mlangoni mwa bweni, blanketi limeshakunjuliwa nusu. Bwana Yakobo akatazama saa. Akaitazama tena. Halafu akaweka chuma chini, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati, kioo kimoja, kisha cha pili, kisha akarudia cha kwanza.

Andrea alipita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akakata kamba kwa meno, akatandika. Ndipo reli ikalia.

Baadaye nilimuuliza Bwana Yakobo kama alituona. Akanijibu, "Karani hatazami barabara, Kondo. Miwani ilikuwa chafu."

Fundi Maulidi alikuwa anakunja blanketi lake. Hilo lilinichoma, jirani yangu. Bwana Yakobo akamwita mezani, akachukua kalamu, akalifuta jina la Andrea kwenye akiba ya chuo cha ualimu.

"Bwana fundi, huyu alikuwa mbele ya kijana wako na huko pia. Sasa hayupo. Ukifika nyumbani, blanketi usiliweke mbali."

Na kweli, haukupita muda mrefu chuo kikapungukiwa na mmoja. Nikaenda Kanyenye, nyumba ya tatu kutoka kwangu, nikafungua mdomo, na Fundi Maulidi hakunipa hata nafasi ya kusema. Mswahili mwenzangu yule, hatuna utani, aliniamini kabla sijashuka kwenye baiskeli. Nilisikia raha, na nilisikia haya kidogo. Kijana wake alikuja kuwa mwalimu, na kwa taarifa yenu aliwahi kumchapa mwanangu, tena kwa haki.

Tangu siku ile nikaweka desturi. Nikienda na habari ya shule kwa watani zangu, sili kuku, sichukui kuku, simtazami kuku. Siku nyingine zote, kuku ni wangu. Habari ikaenea vijijini kote hadi ikawa hawanisikilizi tena maneno. Nikitokea tu, mwenye nyumba anamkamata kuku ananinyooshea. Nikipokea, wanacheka, wanaendelea na kazi zao. Nikikataa, mama anakimbilia blanketi. Ilikuwa njia nzuri kuliko mhuri, na imenigharimu kuku ambao mpaka leo nikikumbuka tumbo linanuna.

Lakini yule mwekundu wa Kwihara alikuwa na habari yake.

Siku ya soko iliyofuata niko barazani pa ofisi, natia baiskeli upepo, nikaona watu wawili wanakuja. Mzee Mihambo mbele, na nyuma yake Mama Kalunde amemshika yule yule kuku, kafungwa miguu. Walikuwa wanakwenda kumwona Andrea bwenini. Nikasimama. Kwa kweli nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuwaomba radhi, ya mbuzi na ya soko lile.

"Mwangaluka, Mama Kalunde," nikaanza. "Huyo kuku, mama, mimi simstahili. Mrudishe tu akatage."

Mzee Mihambo akamtazama mkewe kwa wasiwasi. Mama Kalunde akanisukumia kuku kifuani mpaka manyoya yakaniingia mdomoni.

"Chukua, mtani," akasema, "chukua upesi. Ukimkataa na leo, nitajua mwanangu kafukuzwa."